Amepona, Anapona

Jumatatu, 2 Septemba

Daktari katoa amri: kila siku mstari mmoja. Kichwa cha mtoto kimeamkaje, mkono wa kushoto umefanya nini, dawa imemezwa au imetemwa. Daftari alilitoa yeye mwenyewe mezani, jipya, jalada la kijani, akamkabidhi wifi yangu. Wifi akalishika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake, kisha akanisogezea mimi. "Wewe ndiye fundi wa herufi."

Hilo silikatai. Naandika vibao kwa brashi. Shule niliiacha darasa la sita, herufi nikazifuata mwenyewe barabarani, moja moja, mpaka zikanizoea. Nimeandika DUKA LA DAWA mara kumi na moja na USIKOJOE HAPA mara arobaini, kwa hiyo najua kwamba kuandika ni jambo moja na kusomwa ni jambo jingine.

Basi, kwa faida ya daktari. Mtoto ni binti wa mdogo wangu wa kiume, ana miaka tisa. Namwita Nukta, kwanza kwa sababu alizaliwa mdogo, pili kwa sababu akishasema lake hakuna wa kuendeleza sentensi. Mwezi wa saba alisimama katikati ya somo la hesabu, akashika kichwa, akasema, "Mwalimu, kuna kitu kimefunguka," akaanguka. Damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo. Alilazwa wiki tatu. Amerudi anatembea, anacheka na anabishana. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki nyuma.

Vidonge vya kuzuia kifafa ni viwili kwa siku. Cha asubuhi anapewa na mama yake. Cha jioni anapewa na baba yake, maana wifi anashika zamu ya jioni kwenye kiwanda cha mkate.

Kichwa: shwari. Mkono: umeshika kikombe, kikombe kikashinda. Dawa: ndiyo, ndiyo.

Nimeambiwa mstari mmoja. Nimezidisha kidogo. Siku zisizo na jipya nitazibana pembeni mwa ukurasa.

Jumanne, 3 Septemba

Kichwa: shwari. Mkono: umefunga kifungo kimoja kati ya vitano. Dawa: ndiyo, ndiyo.

Jumatano, 4 Septemba

Kichwa: shwari. Mkono: vifungo viwili, cha pili kwenye tundu la tatu. "Ndiyo fasheni, Shangazi." Dawa: ndiyo, ndiyo.

Ijumaa, 6 Septemba

Leo tumeitwa wakubwa watatu: mdogo wangu, mkewe, na mimi na daftari langu. Daktari ana koti linaloishia kiunoni, kama lilikatwa likiwa bado linakua. Nitamwita Koti Fupi.

Alituonyesha picha ya kichwa cha Nukta kwenye kioo cha kompyuta. Katikati, kuelekea upande wa kulia, kuna kitu kama uzi uliochezewa na paka. Akaeleza. Damu hutoka moyoni kwa kasi, ikifika ubongoni hupita kwenye vijimishipa vyembamba sana, humo inapunguza nguvu, ndipo inaingia kwenye mishipa ya kurudi. Kwa Nukta vijimishipa hivyo vya katikati havikuumbwa mahali hapo. Mshipa wa kupeleka umeungana moja kwa moja na wa kurudisha, na huo wa kurudisha una ukuta mwembamba, haukuumbwa kwa kasi hiyo.

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyotarajia. Ni kibao kisicho na nafasi kati ya maneno. Niliwahi kuandika MLANGOUKONYUMA nikiwa mwanafunzi wa brashi, na watu walisimama mbele yake wakigongana. Nafasi ndiyo inayompa msomaji pumzi. Mtoto huyu amezaliwa bila nafasi.

"Amezaliwa na fundo hili," daktari akasema. "Hakuna aliyekosea."

Wifi akashusha pumzi aliyoishikilia tangu mwezi wa saba. Sikujua kama alikuwa nayo. Wifi yangu ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huwaachia wengine wayaseme.

"Fundo lenyewe lina ukubwa wa zabibu," Koti Fupi akaendelea. "Likiachwa, linaweza kuvuja tena. Mwaka huu, au baada ya miaka ishirini, sijui. Na safari ya pili huenda isiwe na huruma kama ya kwanza. Ninachopendekeza ni upasuaji wa mionzi."

Mdogo wangu akasimama. Hapa niseme kwamba mdogo wangu ni muuza nyama.

"Upasuaji."

"Bila kisu," daktari akamwahi.

"Upasuaji bila kisu? Daktari, mimi natoka buchani. Nikikufungia nyama isiyokuwa na nyama, utaipika?"

"Ni jina tu."

"Basi libadilisheni."

Kwa mara ya kwanza mwaka huu nikaona mdogo wangu ana hoja. Lakini hakuikalia. Alisema, "Mtoto amepona. Anatembea, anakula, ananijibu vibaya. Mnataka kumrekebisha nini?" Akatoka, na mlango ukamuunga mkono.

Sisi wanawake tukabaki tukasikiliza. Mionzi karibu mia mbili, kila mmoja unapita njia yake, na peke yake hauna nguvu ya kudhuru pale unapopita. Yote inakutanishwa mahali pamoja, ndani ya fundo. Hapo ndipo inapofanya kazi. Ukuta wa mishipa unanenepa taratibu mpaka njia inaziba. Kumpiga mionzi ni siku moja. Kuziba ni miaka miwili, mitatu.

"Na katikati ya hiyo miaka?" wifi akauliza.

"Hatari ipo ile ile mpaka fundo lizibe. Sitakudanganya."

Kichwa: shwari. Mkono: umebeba mkoba hadi mlangoni. Dawa: ndiyo, ndiyo. Baba: hapana.

Jumatatu, 9 Septemba

Kichwa: shwari. Mkono: vifungo viwili. Dawa: ndiyo, ndiyo. Baba: hapana.

Alhamisi, 12 Septemba

Vumbi limeingia kwenye rangi mbichi ya kibao cha fundi viatu. Herufi zimeota vinyweleo, utadhani kinatangaza VIATU VYENYE NYWELE. Kichwa: shwari. Mkono: umevaa soksi, dakika nne. Dawa: ndiyo, ndiyo. Baba: hapana.

Jumatano, 18 Septemba

Kichwa: kiliuma tangu asubuhi hadi saa sita. Wifi alikaa kando ya kitanda hajavua viatu vya kazi vya jana usiku, mkono kwenye paji la uso wa mtoto, kama anayesikiliza ukuta. Kilipopoa aliingia jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi. Mkono: sikuuliza. Dawa: ndiyo, ndiyo. Baba: hapana, lakini kwa sauti ya chini.

Jumanne, 24 Septemba

Nimeenda buchani. Mdogo wangu alikuwa na kichwa cha ng'ombe mbele yake na kisu mkononi.

"Dada, kama umefuata maini, yameisha. Kama umefuata lile jambo, nalo limeisha."

"Nimekuja kukaa."

"Kiti hakina mguu."

Nikakikalia hivyo hivyo. Kukaa juu ya miguu mitatu kunahitaji akili, na kunakufanya uonekane mwenye subira. Akapiga kazi kidogo, akaacha, akapiga tena. Kisha akaongea, akiwa bado amenipa mgongo.

"Unajua ubongo ulivyo? Mimi nafungua vichwa tangu nina miaka kumi na saba. Ukiugusa kwa kidole, alama ya kidole inabaki. Kidole, Dada! Halafu mtu aniambie anaingia na chuma kichwani mwa mwanangu, anatoka, na mtoto anabaki yule yule?"

Miaka yote nimeamini mdogo wangu ni mbishi kwa sababu ni kitinda mimba. Kumbe kati yetu sote ni yeye peke yake aliyekuwa akiuona ubongo kila asubuhi.

"Ndivyo alivyosema daktari," nikamwambia.

"Alisema nini?"

"Kwamba kisu hakifai huko. Ulikuwa umeshatoka. Wewe na daktari mna kauli moja, mmetofautiana koti tu."

Akakilaza kisu juu ya gogo. "Sasa wao wanapitia wapi?"

"Kamuulize. Mimi ni mwandishi wa vibao."

Jibu nilikuwa nalo, limeandikwa kwenye daftari hili hili. Lakini mwanamume akipewa jibu na dada yake hulirudisha. Akilitafuta mwenyewe, hulileta nyumbani kama kitoweo.

Kichwa: shwari. Mkono: vifungo vitatu! Dawa: ndiyo, ndiyo. Baba: kimya.

Alhamisi, 26 Septemba

Kaenda. Maswali aliyaandika kwenye karatasi ya kufungia nyama, na karatasi ameileta ikiwa na majibu ya daktari. Nanakili.

Moja: Kisu hakuna kabisa? Hakuna. Mbili: Ataamka yule yule? Matumaini ni makubwa, lakini siapi, madhara yanaweza kujitokeza hata miezi baadaye. Tatu: Nikikataa? Basi tunangoja fundo liamue lenyewe.

"Hilo la tatu," mdogo wangu akasema, "ndilo lililonikamata. Mimi siachii fundo liniamulie." Akaitazama sakafu. "Tarehe kumi na tano Oktoba. Nimeshasema ndiyo."

Wifi alikuwa anavaa aproni kwenda zamu. Akamrekebisha mumewe kola ya shati, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jumanne, 15 Oktoba

Hospitali yenye mashine iko mbali, tumesafiri siku nzima ya Jumapili. Naandika nikiwa kwenye korido, ubao wa benchi umenichapa mistari mgongoni.

Jana muuguzi alimpa Nukta ile fremu ya kichwa aishike. Ni pete ya chuma nyepesi yenye skrubu nne, na kazi yake ni kuhakikisha kichwa hakisogei hata unene wa herufi. Nukta akaizungusha. "Inafanana na kitu cha kushikia keki." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Zitaingia kichwani?"

Muuguzi akamjibu, "Zitashika ngozi na mfupa kwa nje. Utakuwa umelala kwa dawa, na tutatia ganzi."

"Nikiamka zitakuwepo?"

"Hazitakuwepo."

"Basi sihitaji kuzijua." Nukta ndiye huyo.

Nywele hawakunyoa. Wifi alizifumua jana jioni, msuko mmoja baada ya mwingine, taratibu mno, hadi nikatamani kumsaidia, na nikajua nisimsaidie.

Asubuhi wamemlaza, wamemfunga fremu, wamempiga picha. Kisha ikaja saa ya kungoja mpango. Kuna chumba kidogo ambacho mlango wake haufungi vizuri, na mimi mlango wa namna hiyo sijawahi kuupita. Ndani kulikuwa na binti mwenye penseli sikioni, ameketi mbele ya kioo. Wanamwita mwanafizikia. Yeye ndiye anayekokotoa mionzi ipite wapi na kwa kiasi gani. Alikuwa anachora duara juu ya lile fundo, anafuta, anachora madogo matatu badala ya moja kubwa, anafuta nusu.

"Ingia, mama, usichungulie," akasema bila kugeuka. "Shingo itakuuma."

Nikaingia. "Kwa nini umefuta?"

"Hapa." Akagusa ukingo kwa penseli. "Huu upande ndio unaouendesha mkono wake wa kushoto. Duara langu limevuka kwa milimita moja."

"Milimita moja ni nyingi?"

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Naandika vibao."

"Basi unajua."

Najua. Nilisimama nyuma yake nikimtazama akifuata ule mpaka kama mtu anayezungusha mkia wa herufi asichafue ukuta. Aliupima mara tatu. Mkono wake hauna papara. Nimewaona mafundi wa brashi wenye sifa mjini wasioweza hata robo ya hiyo.

Saa tano wakamwingiza. Dakika hamsini na tano. Mdogo wangu alikaa amepakata mikono yake mwenyewe. Ni mikono mikubwa, na leo haikuwa na kazi. Mara mbili alinyanyuka akaenda hadi kwenye ule mlango mzito, akasoma kibao chake, akarudi. Kibao kimeandikwa vizuri, lazima nikiri.

Saa tisa Nukta akafumbua macho.

"Wanaanza saa ngapi?"

"Wameshamaliza," mama yake akasema.

Akajipapasa kichwa. Kwenye ngozi kuna alama nne ndogo zilizowekewa plasta. "Mbona hamna kitu?" Halafu akazihesabu. "Shangazi, wameniwekea nukta nne. Sasa nitaitwaje?"

Yule binti wa penseli alikuja kutuaga. Wifi akamshika mkono. "Kwa hiyo mwanangu amepona?"

"Kuanzia leo anapona," akasema. "Hiyo 'amepona' tutaisoma kwenye picha. Miaka miwili, mitatu. Dawa zile zile, daftari lile lile, picha kila mwaka."

Anapona. Nimeiandika kama alivyoitamka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumerudi. Nimetandika shuka jeupe sakafuni kwenye karakana yangu, nikaandika kwa nyekundu, herufi za urefu wa dhiraa: KARIBU NYUMBANI. NUKTA AMEPONA. Tumelitundika juu ya mlango wao, mdogo wangu kwenye ngazi, wifi akiishikilia ngazi, mimi nikitoa maelekezo, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Najua binti wa penseli alisemaje. Lakini ANAPONA haipendezi kwenye kitambaa. Inaonekana kama kazi haijaisha, na hakuna fundi anayetundika kazi ambayo haijaisha.

Kinyozi wa jirani alisoma kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Nukta alisimama chini yake akapigwa picha na watu asiowajua.

Kichwa: safi. Mkono: ulipunga. Dawa: ndiyo, ndiyo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Siku kumi na moja sijaandika, hata pembeni. Hakuna la kuandika. Mtoto yuko shuleni, muhula unaendelea, mvua zimeanza.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Rangi haikauki. Mtoto mzima.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika hospitalini, daftari juu ya goti. Samahani kwa mwandiko.

Nukta alikuja karakana asubuhi, kama kila Jumamosi, kuuzoeza mkono. Nampa brashi kuukuu, mkono wa kushoto, anaandika O kwenye ubao mpaka zifanane. Leo zilikuwa zinafanana. Mvua ilipiga bati hadi tukawa tunaongea kwa kupayuka.

"Shangazi! Hii ya saba ni duara kweli!"

"Ya saba ni yai!"

Hakunijibu, na Nukta hajawahi kuacha kujibu. Nilipogeuka, brashi ilikuwa chini. Mkono wa kushoto ulikuwa unaruka wenyewe, kidogo kidogo, naye anautazama kama si wake. Kisha mdomo ukavutwa upande. Kisha mwili wote ukafuata.

Nilimdaka kabla kichwa hakijagusa sakafu. Hilo nitalishukuru hadi nizikwe. Nikamlaza ubavu, nikasukuma makopo ya rangi mbali, nikavua kilemba nikakiweka chini ya kichwa. Mwezi wa nane Koti Fupi alitufundisha: ubavu, usimshike kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika kumi na nne.

Kinyozi akaingia mbio na kijiko. "Kifafa hicho! Mtie kijiko asijing'ate ulimi!"

"Toa kijiko chako."

"Mama, mimi nimeona watu..."

"Utaona wa kwanza kupigwa na kopo la rangi. Toa! Tafuta gari!"

Akaenda kutafuta gari. Ni mtu mwema, ila kijiko kilimtangulia. Nami nikabaki na saa. Dakika ya kumi na tano. Ya kumi na sita. Sikuwa nafikiri neno lolote isipokuwa *kimefunguka*, lile alilomwambia mwalimu. Ya kumi na saba, mwili ukalegea, akavuta pumzi ndefu yenye mikwaruzo, na rangi nyekundu kutoka kwenye brashi ilikuwa imempaka shavu. Nilidhani ni damu. Niliifuta kwa kiganja mara tatu kabla sijanusa mafuta ya rangi.

Kinyozi alisimamisha gari la muuza magodoro. Tumefika hospitali Nukta akiwa juu ya godoro jipya, lingali kwenye nailoni.

Wamempiga picha ya kichwa. Wifi alifika amevaa aproni ya kazi siku ambayo hana zamu, sijui aliivaa kwa nini, nadhani mikono yake ilihitaji kufunga kitu. Mdogo wangu alifika na harufu ya bucha. Tulikaa watatu, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Koti Fupi akatoka. "Hakuna damu mpya. Fundo halijavuja. Ni kifafa, na amezinduka, anauliza brashi yake iko wapi." Wifi akainama hadi paji likagusa magoti. "Ila nataka kujua kwa nini leo. Daftari liko wapi?"

Lilikuwa kwenye mfuko wangu wa kazi, kati ya brashi. Akalifungua akiwa amesimama. Akasoma Septemba, uso ukalegea kidogo, akafikia mahali akaniangalia, akaliangalia koti lake, akaendelea. Akasoma Oktoba. Akageuza kurasa, akazirudisha, akazigeuza tena.

"Baada ya tarehe kumi na tisa hakuna kitu. 'Mtoto mzima.' Dawa sioni."

Nikaanza kuhesabu brashi zilizo mfukoni. Mimi, wa maneno yote haya.

"Cha asubuhi nampa mimi," wifi akasema. "Kila siku."

"Na cha jioni?"

Mdogo wangu alikuwa anakitazama kibao cha ukutani kinachosema KIMYA.

"Tangu Jumatatu sijampa," akasema. "Kile kidonge kinamlaza. Anakula huku anasinzia, hawezi hata kunisimulia ya shuleni. Nikaona aibu kumlaza mtoto aliyepona."

"Nani alikuambia amepona?"

"Imeandikwa juu ya mlango wangu." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu. "Nikitoka naisoma, nikirudi naisoma. Siku ya kumi na saba nikaiamini. Ni mwandiko wako, Dada. Sijawahi kuuona ukikosea."

Koti Fupi hakupaza sauti. Alirudi kwenye ukurasa wa tarehe kumi na tano Oktoba, akaweka kidole chini ya neno, akanigeuzia daftari. *Anapona. Nimeiandika kama alivyoitamka.*

Herufi saba na herufi saba. Tofauti ni mbili tu, katikati. Nimeishi kwa herufi miaka thelathini, nikaziuza mbili kwa ajili ya uzuri.

"Kosa ni langu," nikasema.

"Kitambaa kile tulikitundika watatu," wifi akasema. Alikuwa amejinyoosha, na aproni ameifungua. "Mimi nilishika ngazi. Na nilimsikia yule binti kwa masikio yangu, nami ndiye niliyeuliza. Nilitaka kuamini kama ninyi." Akatugeukia, mmoja baada ya mwingine. "Sasa hakuna atakayeomba msamaha hapa mpaka mtoto atoke. Tukifika nyumbani, kidonge cha jioni nitakiacha kwenye kikombe chake. Yeye atampa, wewe utakuja kukiona kikombe kitupu, uandike. Miaka mitatu. Kuna mwenye swali?"

Neno wifi halina mkubwa wala mdogo, mimi ni wifi yake na yeye ni wifi yangu, lakini leo nimejua nani mkubwa.

Koti Fupi alinirudishia daftari. "Endelea kuandika. Na koti langu ni la kawaida. Mimi ndiye mrefu."

Jumatatu, 11 Novemba

Tumeruhusiwa. Dawa imepimwa upya. Kichwa: kizito. Mkono: umelegea. Dawa: ndiyo, ndiyo. Kikombe: nimekiona.

Jumanne, 12 Novemba

Kichwa: shwari. Mkono: kifungo kimoja. Tumeanza upya. Dawa: ndiyo, ndiyo. Kikombe: nimekiona.

Mdogo wangu alipanda ngazi kulishusha lile shuka. Wifi akamwambia aliache. "Litashushwa na aliyeliandika."

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Kichwa: shwari. Mkono: kifungo kimoja na nusu, mwenyewe kasema nusu ihesabiwe. Dawa: ndiyo, ndiyo. Kikombe: nimekiona.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Kichwa: shwari. Mkono: vifungo viwili. Dawa: ndiyo, ndiyo. Kikombe: baba yake aliniletea mwenyewe hadi karakana, kimepinduliwa, kama mtu anayeonyesha mizani haina hila.

Jumamosi, 23 Novemba

Jua! Nimelishusha shuka, nimelitandika sakafuni. Nikaipaka ile ME rangi nyeupe, tukangoja ikauke, tukiwa tumekaa kila mmoja upande wake kama waliokalia mkeka.

"Kwa nini unafuta?" Nukta akauliza.

"Shangazi yako alikosea kuandika."

"Kwani sijapona?"

Wifi alikuwa mlangoni. Hakunisaidia, na alifanya vizuri.

"Unapona," nikasema. "Lile fundo linazibwa. Kazi inaendelea saa hizi, wewe ukiwa umekaa hapa. Haionekani, lakini inaendelea. Itachukua hadi uwe na miaka kumi na moja, kumi na mbili."

Akafikiri. "Kwa hiyo mimi nafanya kazi hata nikikaa."

"Hata ukilala."

"Basi mwambie mwalimu." Akanyoosha mikono. "Lete brashi." Nikaielekeza kwenye mkono wa kulia. "Si huo, Shangazi. Wa kushoto."

Iliwachukua dakika kumi na nane, yeye na mkono wake. N ilitoka imeegemea kama mtu anayengoja zamu. A ilikosa usawa wa miguu. Baba yake alikuja kutoka buchani, akasimama, akaisoma yote polepole, midomo ikicheza. NUKTA ANAPONA.

"Hiyo NA imekaa upande," akasema.

"Ndiyo fasheni, Baba."

Ijumaa, 29 Novemba

Muhula umefungwa leo. Nukta kaleta ripoti: hesabu vizuri, nidhamu "anajibu sana". Picha ya kwanza ni Oktoba ijayo, nyingine Oktoba ya pili, na pengine ya tatu. Daftari hili limebaki kurasa kumi na mbili. Wifi leo kaninunulia jingine, jalada la kijani, akaliweka mezani bila neno, na safari hii nilimwelewa.

Nukta aligundua jambo asubuhi. Jua likipiga shuka kwa nyuma, chini ya NA yake ile ya kupinda, ME yangu bado inaonekana, hafifu.

"Shangazi, hukufuta vizuri."

"Fundi hodari hupaka tabaka mbili," nikamwambia. "Mimi nimepaka moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku moja utaikwangua hiyo NA kwa ukucha. Wa kushoto."

Kichwa: shwari. Mkono: vifungo vitatu. Dawa: ndiyo, ndiyo. Kikombe: nimekiona.